Palipoandikwa Hayupo

Iko nchi moja, wala si hii ya kwetu, maana ya kwetu haina matatizo, ambayo siku moja iligundua kwamba haina Afisa Mkuu wa Teknolojia. Iligundua kwa aibu. Rais wake alikuwa amealikwa kwenye karamu ya marais, na kabla supu haijaletwa mwenye karamu akaomba kila mgeni amtambulishe Afisa Mkuu wake wa Teknolojia. Wenzake wakainua vijana wenye miwani. Rais wa nchi hiyo akatazama kushoto, akatazama kulia, akamwinua mpishi wake.

Mpishi akaulizwa nchi yake ina mpango gani kuhusu wingu. Naye, mtu wa watu asiyejua kwamba kompyuta nazo zina wingu lao, akajibu kwamba kwao wingu likitanda huwa wanaanua nguo. Ukumbi ukapiga makofi, wataalamu wakaandika kwenye madaftari. Hata hivyo Rais aliporudi nyumbani alisema jambo lile lisijirudie, na mpishi akarejeshwa jikoni kwa barua ya pongezi.

Wiki ileile tangazo likatoka gazetini, ukurasa mzima:

“Anatakiwa Afisa Mkuu wa Teknolojia wa Taifa. Awe na maono yasiyopungua kilomita arobaini. Awe na uwezo wa kuongoza timu, iwapo itapatikana. Awe mbunifu, ila asibuni kitu bila kibali. Ajue kumweleza kiongozi jambo gumu kwa lugha nyepesi, na kumweleza mwananchi jambo jepesi kwa lugha ngumu. Mwenye kujua kompyuta atafikiriwa pia.”

Aliyeomba na kupata aliitwa Sudi Mwinyikondo, mtu wa miaka arobaini na saba, mwembamba, mwenye vidole vya fundi. Shahada alikuwa nazo mbili, zote halali, lakini teknolojia hakujifunzia huko. Alijifunzia sokoni, kwenye kibanda cha dada yake. Wazazi wao walipofariki dada alikuwa na miaka kumi na tisa na Sudi saba, na dada akamlea kwa redio mbovu za watu, akichomelea nyaya kwa chuma alichokipasha moto kwenye jiko la mkaa. Soko zima lilimwita Fundi. Sudi alimwita Dada.

“Usikimbilie bisibisi,” dada alikuwa akimwambia. “Iwashe kwanza, uisikilize. Redio haisemi uongo, mdogo wangu. Anayesema uongo ni mwenye redio, atakuapia haijawahi kuanguka.”

Kwa elimu hiyo Sudi akaenda kwenye usaili. Wasaili walikuwa kumi na mmoja, kama timu ya mpira, na kipa alikuwa Waziri wa Mambo ya Kisasa mwenyewe, Mheshimiwa Tarumbeta.

“Mfumo ukigoma,” Waziri aliuliza, “utafanya nini?”

“Nitatafuta kosa lilipo, nitawaambia wananchi tumekosea, halafu nitarekebisha.”

Mmoja wa wale kumi na mmoja akakohoa kwa niaba ya wengine.

“Jibu zuri sana,” akasema Waziri. “Hapo katikati tu. Hapo pa kuwaambia wananchi. Hebu paondoe, kisha ujibu upya.”

Sudi akafikiri kidogo. Akapaondoa. Akapata kazi.

*

“Kwa hiyo kazi yenyewe ni nini?” dada yake alimuuliza. Alikuwa ameketi kwenye kochi, miguu juu ya kigoda, maana mwaka wa pili sasa figo zake zilikuwa zimegoma na mara tatu kwa wiki alikwenda hospitali kusafishwa damu kwa mashine.

“Kuangalia teknolojia yote ya taifa, Dada.”

“Kuangalia? Hata mbuzi anaangalia.”

“Kuiongoza. Kujua kipi kinafaa na kipi hakifai, na kuwaambia wakubwa.”

“Wanapenda kuambiwa?”

“Tutaona.”

“Haya, Afisa Mkuu. Nitilie chai, basi, uanze na hiyo.”

Akamtilia chai, nusu kikombe, kama daktari alivyoagiza.

Ofisi ya Afisa Mkuu ilikuwa ghorofa ya tisa, na lifti ilikuwa mbovu. Sudi alijitolea kuitengeneza, akaandikiwa barua ya onyo kwamba lifti ni chombo cha usafiri, iko wizara nyingine. Akapanda ngazi. Juu huko alikuta majukumu yake yamechapwa vizuri. Alikuza herufi kwenye simu ya Waziri. Alisimama nyuma ya Waziri kwenye picha, upande wa kushoto, akiwa ameshika kitu chenye taa. Alikata utepe wa kompyuta, akakata utepe wa waya, na siku moja, kwa heshima zote, alikata utepe wa mkasi mpya wa kukatia utepe. Wananchi wakiuliza swali alitakiwa kujibu, “Tuko kwenye mchakato.” Mwanzoni neno hilo lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Mwezi wa tatu lilikuwa linateleza lenyewe.

Kazi ya kweli ilikuja mwezi wa nne. Iliitwa Mfumo Mama.

*

Mfumo Mama ulikuwa daftari moja la nchi nzima, ndani ya kompyuta. Kila mtu angeandikwa humo, na kila mlango wa serikali ungefunguka kwa jina kusomeka humo: shule, hospitali, mahakama, hata makaburi. Wazo halikuwa baya. Sudi alilipenda. Alichora michoro mizuri, akampelekea Waziri, na Waziri akaikagua kwa kidole.

“Hiki kitufe cha nini?”

“Cha kurekebisha makosa, Mheshimiwa.”

“Makosa gani?”

“Yatakayotokea.”

“Una taarifa za kiintelijensia kwamba yatatokea?”

“Hapana, Mheshimiwa, ila kila mfumo—”

“Mkuu, ukijenga nyumba ukaacha shimo la mwizi kuingilia, mwizi si atakuja? Toa hiki kitufe. Kosa likitokea, na halitatokea, litarekebishwa kwa barua yenye saini yangu na muhuri.”

Kitufe kikatolewa.

Halafu likaja suala la watu hewa. Madaftari ya zamani ya nchi ile yalikuwa yamejaa marehemu na waliohama, na makarani wa zamani, watu waaminifu, waliandika pembeni ya kila jina la namna hiyo neno moja kwa wino mwekundu: hayupo. Waziri akataka Mfumo Mama uzaliwe msafi. Uzinduzi ulikuwa Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

“Nahitaji miezi mitatu, Mheshimiwa,” alisema Sudi. “Kuhakiki jina kwa jina.”

“Miezi mitatu! Mungu aliumba ulimwengu kwa siku sita, tena bila kompyuta.”

“Na ya saba alipumzika, Mheshimiwa. Sisi ya saba tunazindua.”

“Una ulimi, Mkuu. Utumie kusema ndiyo.”

Basi Sudi akaketi akauandikia Mfumo kanuni fupi kuliko zote alizowahi kuandika: Palipoandikwa hayupo, ondoa. Ufundi ndani yake ukamkwaruza. Ulimwambia angalau Mfumo utazame neno liko wapi, upande wa maelezo au upande mwingine, maana mashine haina akili ya karani, inaondoa tu. Hata akaandika kwenye karatasi, “Kagua neno liko safu gani.” Kazi ya siku mbili tu. Lakini simu ikaita, Waziri anauliza kama tayari, na Sudi akasema tayari. Karatasi akaiweka ndani ya faili. Akatia saini.

*

Ijumaa ile matarumbeta yalipigwa mpaka ndege wakahama wilaya. Waziri alipanda jukwaani.

“Ndugu wananchi! Kuanzia leo mtu haonekani kwa macho, anaonekana kwa Mfumo! Macho yana makengeza, Mfumo hauna! Makosa ni sifuri! Nukta sifuri! Sifuri!”

Watu wakashangilia, wengine bila kujua kwamba tangu asubuhi hawakuwemo.

Jumatatu yake Sudi aliomba ruhusa ya nusu siku. Alitaka kumsindikiza dada yake hospitali, aone kwa macho yake Mfumo ukifanya kazi, na aonwe na dada akiona. Walifika kwenye chumba cha mashine, Fundi akisalimiwa na kila mtu, maana aliwahi kuwatengenezea redio ya wodi na hakuchukua kitu. Muuguzi, Sista Adelina, alikuwa na kompyuta mpya mbele yake.

“Karibu, Fundi. Leo tunaanza na Mfumo, si namba ya faili tena. Mashine haiwaki mpaka jina lisome. Haya, jina kamili?”

“Hayupo.”

Sista akainua macho. “Nani hayupo, mama?”

“Mimi.”

“Wewe si huyu hapa?”

“Niko hapa. Hayupo ndiyo mimi. Andika, mwanangu. Hayupo binti Mwinyikondo.”

Sista akacheka, akaandika, akabonyeza. Akangoja. Akabonyeza tena.

“Halisomi,” akasema.

Sudi alikuwa amesimama nyuma na tabasamu alilolitoa nyumbani kwa ajili ya wakati huo. Lilibaki pale usoni bila mwenyewe.

Hadithi ya jina ilikuwa fupi. Mama yao alizika watoto watatu kabla ya huyu. Alipozaliwa wa nne mkunga akamwambia, huyu mpe jina la kumzuga Mauti. Akija kubisha hodi, akiuliza kuna mtoto humu, aambiwe Hayupo, aende zake. Wakampa. Na Mauti, kwa wingi wa shughuli zake, alikubali jibu hilo kwa miaka hamsini na tisa. Mtoto aliyefuata, kwa furaha, wakamwita Sudi.

Lakini nyumbani hakuna aliyelitumia jina hilo. Wazazi walimwita mwanangu, soko likamwita Fundi, na mdogo mtu hamwiti mkubwa wake kwa jina, ni utovu wa adabu. Kwenye simu ya Sudi aliandikwa Dada. Kwenye fomu za kazi, palipoulizwa jamaa wa karibu, Sudi aliandika Dada. Miaka arobaini na saba hakuwahi kulitamka jina lile hata mara moja, kwa sababu alilelewa vizuri.

“Sista,” akasema, na kutoa kitambulisho, “mimi ndiye Afisa Mkuu wa Teknolojia.”

“Afadhali! Basi isomeshe, baba.”

Akafungua kompyuta yake palepale, juu ya kitanda. Aliona kila kitu. Alimwona dada yake kwenye orodha ya walioondolewa, kati ya Hayupo mmoja wa kusini na Hayupo mwingine wa ziwani. Wenye jina hilo walikuwa elfu nne mia moja na kumi na wawili. Hakuwa amejua kwamba nchi ilikuwa na akina mama wengi hivyo waliopata kuzika. Alijua pia pa kubonyeza ili kuwarejesha, na pale pa kubonyeza palikuwa peupe, kitufe kimetolewa.

“Niwashe kwa mkono?” Sista akajaribu. Mashine ikauliza jina. Akaandika jina lake mwenyewe, Adelina. Mashine ikamjibu kwamba yeye ni mzima, arudi kazini.

“Twende nyumbani,” akasema Dada. “Siku moja si neno.”

*

Waziri alimpokea Sudi kwa keki. Ijumaa walikuwa wanakuja wageni wa kimataifa kuipa nchi Tuzo ya Makosa Sifuri, na keki ilikuwa ya majaribio.

“Barua nitatia saini,” alisema Waziri huku akilamba kidole. “Nani kasema sitii? Ila si kabla ya Ijumaa. Nikirejesha watu elfu nne leo, wageni watauliza walikuwa wamekwenda wapi.”

“Mheshimiwa, mmoja tu. Mrejeshe mmoja.”

“Mmoja ni kosa moja. Moja si sifuri. Hiyo ni hesabu, Mkuu, nawe ndiye mtaalamu.”

“Ni dada yangu.”

Waziri akaweka keki chini. Hakuwa mtu mkatili, na hilo lisemwe. Macho yake yalilowa kweli.

“Pole sana, ndugu yangu. Lakini wewe una dada mmoja, mimi nina taifa. Ijumaa saa kumi kamili, wageni wakishaondoka, barua iko juu ya meza hii. Nakuahidi mbele ya Mungu na mbele ya keki. Na katikati hapa, kwani lazima awe yeye? Msajili upya! Jina jipya, mtu mpya. Mfumo unapokea watu wapya kila siku.”

Ni kweli Mfumo ulipokea watu wapya. Ulipokea wa aina moja tu, wanaozaliwa. Jumanne nzima Sudi alihangaika, na Jumatano asubuhi dada yake alikuwa amesajiliwa kwa jina la Neema, jinsia ya kike, umri siku moja. Jina likasoma! Wakaenda hospitali mbiombio, Sista Adelina akaandika Neema, kompyuta ikalia kwa furaha, na karatasi ikatoka. Ilimwelekeza mgonjwa aende wodi ya watoto wachanga, apimwe uzito, apewe chanjo ya kwanza, na mama yake ahimizwe kunyonyesha. Mashine ya kusafisha damu ilikataa. Watoto wachanga hawaruhusiwi.

Dada alicheka mpaka akashika mbavu. Miguu ilikuwa imevimba hadi magotini, na pumzi ilimjia kwa vipande, lakini alicheka.

“Nimekulea, nimekusomesha, leo umenizaa!” akasema. “Haya, baba, ninyonyeshe.”

“Dada, usicheke.”

“Nifanyeje sasa? Nilie, nilishwe maziwa?”

Hakukuwa na hospitali nyingine ya kukimbilia. Mashine zote za nchi, za serikali na za watu binafsi, zilikuwa zimeunganishwa na Mfumo, na aliyeziunganisha, kwa ustadi mkubwa na kabla ya wakati, alikuwa Sudi.

*

Alhamisi mchana alikaa kwenye kigoda kando ya kochi. Dada alikuwa amelala kwa kuegemea mito mitatu, maana akilala chali pumzi ilikatika.

“Kwa hiyo ni wewe uliyeandika,” akasema dada.

“Ni mimi.”

“Kwa mkono wako?”

“Kwa mkono wangu, Dada.”

Dada akautazama mkono ule. “Mwandiko wako ulikuwa mbaya tangu darasa la pili.”

Sudi akainamisha kichwa.

“Nenda kawaambie watu,” dada akasema. “Nenda redioni useme tumekosea. Si mimi tu. Hao wengine nao wana wadogo zao.”

“Nikisema leo, watanifukuza leo. Nikifukuzwa, hiyo barua ya kesho hakuna wa kuipeleka kwenye Mfumo. Mwenye kuweza kukurejesha ni mimi peke yangu. Nikinyamaza mpaka kesho saa kumi, saa kumi na nusu uko kwenye mashine.”

“Hiyo nayo ni hesabu.”

“Unaionaje?”

Dada alifumba macho, akageuza sikio kidogo kama alivyokuwa akifanya kibandani.

“Mimi nasikia mkwaruzo,” akasema. “Sijajua ni waya gani.”

Asubuhi ya Ijumaa alizidiwa. Sudi akampeleka hospitali, Sista akamweka kwenye kitanda kilicho karibu na dirisha, akamvalisha hewa ya mtungi, kitu pekee kilichokuwa hakijaunganishwa na Mfumo kwa sababu bajeti ya waya iliishia mlangoni.

“Kaa naye, Mkuu,” Sista akasema.

“Saa kumi nakuja na barua.”

“Mimi nasema kaa.”

Sudi akatazama saa ya ukutani. Akambusu dada yake mkono, akaenda.

*

Sherehe ilianza saa nane na kupeperushwa hewani nchi nzima. Wageni wa kimataifa walivishwa vitenge na kuzawadiwa vinyago vya kompyuta. Waziri alihutubia kwa saa nzima juu ya sifuri, historia yake, umbo lake lisilo na kona ambamo mtu aweza kujificha, na jinsi mababu wa nchi ile walivyoijua sifuri kabla ya mataifa mengine kwa kuwa walikuwa nayo kwa wingi. Kisha akageuka.

“Na sasa, nisisemee mimi mwanasiasa. Aseme mtaalamu! Afisa Mkuu wetu wa Teknolojia, hebu njoo. Waambie wageni wetu. Tangu Mfumo uanze, makosa mangapi?”

Sudi akasogezewa kipaza sauti. Mfukoni alikuwa na karatasi yenye orodha ya wale elfu nne mia moja na kumi na wawili. Aliipapasa. Aliwatazama wageni, akamtazama Waziri anayetabasamu, kisha akaiona barua yake, kama inavyoonwa njozi, juu ya meza, imebakiza saini tu. Ilikuwa imebaki chini ya saa moja. Sentensi ile aliyoambiwa aiondoe siku ya usaili ilipanda mpaka kwenye meno.

“Sifuri,” akasema.

Ilitoka kirahisi, kama mtu anayepumua. Uwanja ukalipuka kwa makofi.

Saa kumi kamili, ofisini ghorofa ya tisa, Waziri alitia saini, akagonga muhuri mara mbili, akamkumbatia. “Mimi nikiahidi nimeahidi, Mkuu. Msalimie sana dada.”

Sudi alishuka ngazi za ghorofa tisa kwa kuruka. Alipofika wodini Sista Adelina alikuwa amesimama mlangoni. Akaipokea barua kwa mikono miwili, akaisoma yote mpaka kwenye muhuri, kwa heshima, kisha akaikunja.

“Saa tisa na robo, Mkuu.”

Sudi hakuelewa kwanza. Akaendelea kumweleza kwamba barua ni ya leo, sahihi, ataingiza sasa hivi, si dakika mbili. Sista akamshika kiwiko.

“Saa tisa na robo nilikuwa jukwaani,” hatimaye akasema.

“Tunajua. Alikuomba. Alisema mdogo wangu atazungumza, niwekee redio. Nikamwekea.”

“Akasikia?”

“Alisema niongeze sauti, nikaongeza.” Sista akatazama sakafu. “Ulipomaliza akaniambia nipunguze.”

*

Jumamosi asubuhi wanaume wa mtaa walikusanyika nyumbani, wakaketi kwenye mikeka nje, kofia vichwani. Maiti ilikuwa imeoshwa, imekafiniwa, jeneza liko tayari. Aliyekuwa hayuko tayari ni Mfumo. Kaburi halichimbwi bila kibali, kibali hakitoki bila kifo kusajiliwa, na Mfumo ulikataa kusajili kifo cha mtu asiyekuwemo. Hauwezi kumuua mtu ambaye hayupo, shehe wa mtaa alielezwa hivyo kwa simu, na mtoa maelezo alikuwa mpole sana.

“Sasa tufanyeje?” shehe akamuuliza Sudi. “Jua linapanda, na maiti haicheleweshwi.”

“Arejeshwe kwanza, shehe. Awe hai. Halafu afe.”

“Laa ilaha illa Allah,” akasema shehe.

Sudi akaketi kwenye kizingiti, kompyuta juu ya magoti. Barua ya Waziri akaiingiza, muhuri ukasomeka, na orodha yote ikafunguka kwa mpigo. Hayupo wa kusini akarudi, wa ziwani akarudi, elfu nne na zaidi wakarudi, mmoja baada ya mwingine, wale waliokuwa bado wanangoja kwenye madirisha na wale ambao hawakungoja. Na dada yake akarudi. Umri miaka hamsini na tisa. Kazi, fundi wa redio. Hali, yu hai. Kwa muda wa chai kupoa, katika nchi ile, alikuwa hai kisheria, na mdogo wake akaketi akimtazama.

“Mkuu,” mtu mmoja akaita kwa upole kutoka mkekani. “Watu wapo juani.”

Akabonyeza sehemu ya vifo. Ikafunguka fomu ambayo aliichora mwenyewe, nadhifu, yenye kona za mviringo. Iliuliza sababu ya kifo na kumpa majibu ya kuchagua: maradhi, ajali, uzee, nyinginezo. Kidole kikakaa juu ya maradhi. Maradhi lilikuwa jibu zuri, hakuna ambaye angelilalamikia, na Jumatatu angepanda ngazi zake kwenda kazini.

Akachagua nyinginezo. Ikamwambia ataje, isizidi maneno matano.

Akaandika: Mdogo wake alitia saini.

Alisoma tena, akahesabu yalikuwa manne. Akaongeza la tano, akijua: Mdogo wake alitia saini akijua. Akawasilisha. Kibali kikatoka.

Akavua koti la kazi, akalitundika kwenye kiti, na simu iliyokuwa ndani yake ikaanza kuita, ikaita, ikakata, ikaita tena. Aliiacha. Akatoka, akaingiza bega chini ya jeneza, upande wa mbele.

Kwa desturi ya watu wale jeneza hupokezanwa. Kila hatua chache mtu mwingine huja na bega lake, apate fungu lake la thawabu, na aliyetangulia humwachia, ndivyo maiti anavyofikishwa makaburini bila yeyote kuchoka. Walipita sokoni, wenye vibanda wakasimama. Wakaja wa kwanza, wakaja wa pili.

“Tupokee, Mkuu.”

Sudi hakutoa bega.

“Sudi, ndugu yangu, lete tukusaidie. Ni mbali.”

Hakutoa. Wakamzunguka, wakapokea pembe nyingine tatu, zikabadilishwa mabega mara kumi, mara ishirini, na ile moja ya mbele wakamwachia.